Maswali ya Bibi Kudsia

Shule ya Wasichana Ratanpani
Machi 20, 1983

Bibi mpenzi,

Salamu nyingi na heshima. Nimefika salama. Nilitapika mara moja tu, pale kona za mlimani zinapoanza, tena nilitapikia nje ya dirisha la basi kama ulivyonifundisha.

Sasa nisikilize. Ulisema shule ni kuta nne na mwalimu mkali. Bibi, huku hata hizo kuta nne hazipo. Jengo kuu limepinda kufuata mlima, ukisimama mwanzo wa baraza huoni mwisho wake. Kila tao la baraza limechongwa majani ya mwaloni kwenye jiwe, na hakuna tao linalofanana na jingine. Nimekagua yote. Paa ni la mabamba ya mawe meusi, likilowa linang'aa kama mgongo wa samaki. Maktabani kuna roshani ya mbao inayozunguka juu ya vichwa vyetu, na ngazi ya kuipandia imefichwa ndani ya kabati la vitabu! Unavuta mlango wa kabati ukitarajia kamusi, unakuta ngazi. Aliyejenga hapa alikuwa mtu wa masihara.

Lakini kinachotunyima raha ni mnara. Mwisho wa bweni la wadogo kuna mnara wa duara, na ndani yake ndimo anamokaa matroni. Kina madirisha matatu na meko yake, chumba hicho. Bi D'Cruz aliyekuwa humo ameolewa, kwa umri ule, akaenda zake Goa. Sasa wadogo wanalelewa kwa zamu na walimu wasiojua hata kusuka nywele. Kila siku tunabahatisha nani atakuja. Shalmali, wa kitanda cha jirani yangu, anasema mtawa. Mimi nasema askari mstaafu.

Mama ameandika kutoka Kuwait, hawajambo. Nitumie achari ya embe na halua ya tangawizi.

Mjukuu wako,
Nuzhat

*

Rampur
Aprili 2, 1983

Nuzo wangu,

Umeandika kurasa nne za mawe na nusu mstari wa mama yako. Haya, nimekusamehe, kwa kuwa mawe yenyewe umeyaeleza vizuri.

Halua na achari zinakuja na mtoto wa jirani yetu Hakimu anayepanda huko wiki ijayo. Usile yote siku moja, nakujua.

Hapa mjomba wako Wajahat alikuja kutoka Delhi na watu wawili wenye kamba, wakapima nyumba. Walipima vyumba, wakapima ua, wakapima hadi baraza nilipokuwa nimeketi, nikainua miguu ili kamba ipite. Anasema nyumba ni kubwa mno kwa mjane mmoja. Nusu mwaka nitakaa kwake, nusu mwaka kwa mdogo wake Aligarh. Nimemwambia, “Mwanangu, mimi si sanduku la kuazimana.” Akacheka, akadhani ni utani.

Sasa nijibu na mimi. Hiyo ngazi ya kwenda bweni la wadogo, ni ndefu? Choo kiko ndani au mtu anatoka kwenye baridi? Meko ya mnarani inatoa moshi? Hao wadogo ni wa umri gani, na wakilia nani huwanyamazisha? Waislamu na Wahindu wanakula meza moja? Na huyo mwalimu mkuu wenu ni mtu wa namna gani? Anacheka?

Naulizia tu.

Bibi yako,
Kudsia

*

Ratanpani
Aprili 17, 1983

Bibi mpenzi,

Halua imefika Jumatatu. Jumanne haikuwepo. Ulinijua.

Majibu yako haya hapa. Ngazi ni ndefu, lakini ina mahali pawili pa kupumzikia, na kila mahali pana kiti cha jiwe kilichochongwa ukutani kabisa. Choo kiko ndani. Meko ya mnarani haitoi moshi isipokuwa upepo ukitoka bondeni, ndipo hutoa moshi kwelikweli, Bi D'Cruz alikuwa akitoka humo macho mekundu kama kilemba cha bwana harusi. Wadogo ni wa miaka sita hadi tisa. Wiki ya kwanza wanalia, ya pili wanapigana, ya tatu huwezi kuwatenganisha. Tunakula meza moja, nyama ina meza yake pembeni kwa wanaoitaka. Bi Sanwal, mwalimu mkuu, ni mwenyeji wa milima hii, mrefu, anavaa sari na sweta la kiume. Akicheka hatoi sauti, mabega tu ndiyo yanapanda na kushuka.

Maua ya buransi yamefunguka, mlima mzima umekuwa mwekundu. Asubuhi ukungu unaingia bwenini kwa dirisha kama mtu aliyekaribishwa.

Mbona unauliza mambo ya choo, Bibi? Wenzangu wanaulizwa masomo.

Nuzhat

*

Rampur
Mei 25, 1983

Nuzo,

Masomo ataulizia baba yako, ndiye anayelipa.

Ngazi umesema ndefu, lakini hukusema kama ina cha kushika. Ina? Na ikilowa inateleza?

Nina kazi nyingine kwako. Niandikie kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa zisizoshikana, haya yafuatayo, nawe uniwekee chini yake matamshi kwa Kiurdu: Acheni kusukumana. Nani amekojoa kitandani? Kula mboga zako. Nionyeshe kucha. Nenda kaoshe tena. Marehemu babu yako alinifundisha kusoma gazeti la Kiingereza, lakini magazetini hawaandiki mambo ya maana kama haya. Jana nilikuwa najizoeza uani kwa sauti, jirani akachungulia juu ya ukuta, akadhani namfukuza yeye.

Niambie pia: ngazi ina cha kushika?

Na ukimwandikia mjomba wako, haya usimtajie. Ana mengi kichwani.

Bibi yako,
Kudsia

*

Ratanpani
Juni 12, 1983

Kwa Mjomba Wajahat,

Salamu. Naandika nikiwa na wasiwasi, na Baba na Mama wako mbali, kwa hiyo sina mwingine wa kumwambia.

Nadhani Bibi hayuko sawa. Barua zake zimejaa maswali ya ajabu. Ananiuliza kuhusu ngazi ya bweni ambalo si langu, tena mara mbili ndani ya barua moja, kama aliyesahau kwamba ameshauliza. Anataka kujua moshi wa meko. Anataka nimwandikie kwa Kiingereza “nani amekojoa kitandani”. Na anazungumza peke yake uani kwa sauti hadi majirani wanachungulia. Ameandika mwenyewe, simsingizii. Tena akanikataza nisikwambie, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana Bibi hajawahi kuwa mtu wa kuficha.

Bibi wa Shalmali alianza hivihivi, kwa kuuliza uliza. Mwisho wake alikuwa hamjui hata binti yake.

Tafadhali kamwangalie, lakini usimwambie kuwa ni mimi.

Mpwa wako,
Nuzhat

*

Delhi
Julai 3, 1983

Mpwa wangu Nuzhat,

Umefanya jambo la kiutu uzima na nakushukuru. Nilikwenda Rampur mwenyewe. Ni kweli, nilimkuta uani akiwafokea kuku kwa Kiingereza.

Nimemleta kwangu Delhi. Nyumba nimeifunga, mnunuzi amepatikana. Daktari atamwona wiki hii. Alikataa kuondoka, ikabidi nimwambie kwamba hata wewe umeona hali yake. Ndipo akafunga sanduku.

Usiwe na wasiwasi, soma kwa bidii.

Mjomba wako,
Wajahat

*

Ratanpani
Septemba 18, 1983

Bibi,

Nimekuandikia barua tatu huko Delhi na hukujibu hata moja. Nilidhani umesahau kuandika. Nisamehe, kweli nilidhani hivyo. Leo najua umenyamaza kwa sababu nyingine.

Bi Sanwal aliniita ofisini. Nilijua ni kwa ajili ya kupanda roshani ya maktaba kwa nje, lakini hakulitaja hilo. Aliniuliza, “Nuzhat, nyumbani kwenu ni Rampur, mtaa wa nyuma ya Jumba la Vitabu, sivyo?”

Nikasema ndiyo.

“Basi kuna mama mmoja wa mtaa huohuo aliyeomba kazi ya umatroni. Katika wote walioomba, ni yeye peke yake aliyeuliza kama watoto wasiokula nyama wanalala na njaa siku za nyama. Nilimwita tarehe nne mwezi huu nionane naye. Nilingoja siku nzima. Hakuja, hakuandika. Anaitwa Kudsia Begum. Unamfahamu?”

Bibi, nilisimama pale kama nguzo ya baraza. Maswali yako yote yalinirudia, moja baada ya jingine, kila moja likiwa na maana yake. Ngazi ni magoti yako. Moshi ni kifua chako. Na mimi nilikuita mgonjwa.

Nikamwambia, “Ni bibi yangu. Asingeacha kuja. Kosa ni langu.” Nikamweleza yote. Hakunikemea. Mabega hayakupanda wala kushuka. Alisema tu, “Muulize kama bado anataka.”

Bado unataka?

Nuzhat

*

Delhi
Septemba 29, 1983

Nuzhat,

Barua zako tatu nimezipata. Sikuwa na neno zuri la kukujibu, na baya sikutaka kuliandika, maana lililoandikwa halifutiki.

Kumbe walinijibu. Barua yao itakuwa iko Rampur, imesukumwa chini ya mlango uliofungwa. Mimi nilikaa hapa karibu miezi mitatu nikijiambia, “Basi, wamemwona mzee, wamemtupa.” Nisingejua ukweli kama usingeniandikia, kwa hilo nakushukuru. Kwa lile jingine bado.

Daktari alinipima akili. Aliniuliza leo ni siku gani, nikamwambia. Akaniuliza hapa tuko wapi, nikamwambia, “Kwako, mwanangu, na saa yako ya ukutani iko nyuma.” Akamwambia mjomba wako kuwa sina lolote. Mjomba wako akafurahi kweli, maskini, akaenda kununua vitamu vya mithai. Lakini nyumba ilikuwa imeshauzwa.

Hapa wananipenda, usidhani nateswa. Nikiinuka, mkamwana ananiambia kaa, Mama. Nikishika sufuria ananiambia acha, Mama. Nina miaka hamsini na saba. Nimekaa mpaka nimechoka kukaa.

Gazeti lilikuwa limefungiwa samaki, Nuzo. Nilikuwa nakunjua samaki nikaona jina la shule yako, “anatafutwa matroni”. Barua yako ya kwanza ilikuwa bado iko mezani. Nikasema, hicho chumba cha madirisha matatu mimi nataka kujua kila dirisha linaona nini.

Ndiyo, bado nataka. Wewe ndiye uliyemwandikia mjomba wako la kwanza, sasa mwandikie la pili. Mimi nikimwambia atasema ni ugonjwa.

Kudsia

*

Ratanpani
Oktoba 6, 1983

Kwa Mjomba Wajahat,

Salamu na heshima. Barua yangu ya Juni ilikuwa na makosa, na nisingependa ibaki peke yake kwako bila ya hii.

Bibi hakuwa anapoteza akili, alikuwa anaomba kazi. Kazi ya kulea wadogo hapa shuleni. Kile Kiingereza cha kuku kilikuwa mazoezi. Bi Sanwal bado anamtaka na ameniruhusu niseme hivyo. Mjomba, naomba umruhusu aje. Mimi niko hapa, nitamwangalia.

Hata tukimpenda, hatujawahi kumuuliza anataka nini. Mimi pia sikumuuliza.

Nuzhat

*

Delhi
Oktoba 14, 1983

Nuzhat,

Nimesoma. Nimeisoma mara mbili kwa kuwa sikuamini.

Mama yangu, mjane wa Wakili Sahib, aoshe watoto wa watu wasiojulikana? Alipwe mshahara kama yaya? Watu wa Rampur watasema wanawe wawili wameshindwa kumlisha. Na huko milimani, kwenye baridi ile, na kifua kile? Akianguka kwenye hiyo ngazi, utaniandikia barua ya tatu?

Nimelijibu hili mara moja na sitalijibu tena. Mama anakaa kwangu. Wewe soma.

Wajahat

*

TELEGRAMU
Delhi, Oktoba 22, 1983

MAMA HAYUPO NYUMBANI TANGU ASUBUHI. SANDUKU HALIPO. KAMA YUKO HUKO JIBU HARAKA. WAJAHAT

*

Ratanpani
Oktoba 24, 1983

Kwa Mjomba Wajahat,

Telegramu yangu ya “yuko salama” naamini umeipata. Sasa nakueleza lilivyokuwa, maana kwa telegramu kila neno lina bei.

Jana tulikuwa uwanjani kwenye gwaride tukaona mtu anapanda njia ya mierezi, polepole, mpagazi nyuma yake na sanduku kichwani. Shalmali akasema, “Huyo anasimama kila baada ya mti.” Mimi nikamjua kwa mwavuli. Niliacha mstari nikakimbia, na mwalimu wa michezo akinipigia filimbi.

Nikasema, “Bibi, umekuja na nani?”

“Na treni,” akasema. “Halafu na basi. Nimetapikia nje ya dirisha. Shika mwavuli.”

Akasimama, akaliangalia jengo, kutoka mnara hadi mwisho wa baraza. Kisha akasema, “Kumbe hukutia chumvi.”

Nilipeleka chai ofisini, kwa hiyo nilisikia mengi, na mlango wa Bi Sanwal haufungi vizuri, kwa hiyo nikasikia yaliyobaki. Bi Sanwal alimuuliza kwa nini hakuja siku aliyoitwa. Mjomba, angeweza kututaja sote wawili. Alisema, “Nilikuwa na shughuli ya kifamilia. Imekwisha.”

“Umewahi kufanya kazi, Kudsia Begum?”

“Sijawahi kukaa. Ila sikuwahi kulipwa.”

“Na Kiingereza?”

Bibi akaweka kikombe chini, akanyoosha mgongo, akayatoa yote kwa pumzi moja, kwa sauti ya kutisha: acheni kusukumana, nani amekojoa kitandani, kula mboga zako, nionyeshe kucha, nenda kaoshe tena! Bi Sanwal alikodoa macho. Halafu akacheka, Mjomba, akacheka kwa sauti hadi karani akachungulia. Hakuna msichana hapa aliyewahi kusikia sauti hiyo.

Amepewa majaribio hadi Desemba. Amepanda ngazi peke yake, akapumzika kwenye viti vyote viwili. Ina cha kushika, nilisahau kumwambia.

Najua umekasirika. Kasirika na mimi, nimezoea. Lakini usije kumchukua kabla hujamwona akiwa na wale wadogo. Njoo tu kwanza umwone.

Nuzhat

*

Mnarani, Ratanpani
Novemba 20, 1983

Nuzo wangu,

Utashangaa kupata barua kutoka ghorofa ya juu yako. Lakini nikiwa na wadogo mimi ni Bi Kudsia, siwezi kukuita pembeni wakaona nina mjukuu wangu wa kupendelea. Tena kuna maneno ambayo mimi na wewe tunayaweza kwa kalamu tu.

Uliniuliza juzi, tukikunja mashuka, kwa nini sikukwambia tangu mwanzo. Nilijifanya sikusikia. Jibu ni hili: kama wangenikataa, nilitaka kukataliwa peke yangu, bila ya mtu kunionea huruma. Hata wewe. Nilificha, na niliyemficha naye alidhani alichodhani. Kwa hiyo tugawane, nusu kosa lako, nusu langu. Mimi nimemaliza, usiendelee kunipita barazani umeinamisha kichwa. Unanitia aibu mbele ya watoto.

Mjomba wako alikuja Jumamosi ya wiki iliyopita, mkiwa kwenye matembezi ya mtoni. Nilimkuta amesimama chini ya ngazi na kofia mkononi, kama baba aliyekuja kumwandikisha mtoto. Nilikuwa nakagua kucha, sikuweza kuacha, nikamwambia asubiri. Akapanda, akakaa kwenye kiti cha jiwe. Kadogo kamoja ka Bhutan, Dechen, kakamfuata kakamwambia, “Na wewe nyoosha.” Nuzo, alinyoosha! Mkurugenzi mzima, mikono miwili. Dechen akamwambia akaoshe tena.

Hakusema nirudi, wala hakusema nibaki. Alizunguka chumba, akagusa kila dirisha kuona kama linafunga vizuri. Moja halifungi. Jana fundi seremala amekuja kulitengeneza, anasema bwana mmoja wa Delhi alimkuta sokoni akampa maagizo. Na pamoja naye ukaja mfarishi mpya wa pamba wa kujifunika, mzito, bila ya barua. Mwanangu hajawahi kujua kuandika neno la namna hiyo. Nimemwelewa.

Bi Sanwal amenithibitisha hata kabla ya Desemba. Sasa kuna jambo. Shule inafungwa wiki ya kwanza ya Desemba, lakini kuna watoto saba ambao wazazi wao wako mbali, hawana pa kwenda, na ameniomba nibaki nao kipindi chote cha baridi. Nimekubali. Wewe, nyumba ya Rampur haipo tena. Mjomba wako anakutaka Delhi, mkewe keshakutandikia kitanda karibu na jiko, pana joto, na kuna televisheni. Hapa kuna mimi, Dechen na wenzake, na meko yenye moshi upepo ukitoka bondeni.

Amua mwenyewe. Usimwandikie mtu kumuuliza.

Mimi nabaki pia kwa sababu nyingine ambayo sijamwambia Bi Sanwal, asije akaniona mtoto. Karani ananiambia kwamba Januari theluji inaanguka hapa hadi inafunika viti vya nje. Miaka yangu yote sijawahi kuiona theluji ikianguka. Mvua naijua, mchanga wa kiangazi naujua, hata mvua ya mawe. Lakini theluji, nimewauliza wanne, na kila mmoja ananijibu lake. Nataka nisimame dirishani nisikilize mwenyewe kama inatoa sauti.

Bibi yako,
Kudsia